Kifaranga wa Mwaka wa Tatu

Siku ya kwanza Wakonyo alipoingia darasani katika chuo kimoja mjini Nyeri, wanafunzi wote walisimama. Yeye alidhani mwalimu yuko nyuma yake, kwa hivyo akageuka, akautazama mlango, akasimama wima kama wenzake. Wakabaki hivyo kwa muda, darasa zima likimsubiri yeye naye akimsubiri mtu mwingine, mpaka mwalimu wa kweli, kijana mwembamba mwenye begi mgongoni, alipoingia na kuuliza kama kuna maombi.

Wakonyo alikuwa amepita miaka arobaini. Kwao ni Gakindu, kule Mukurweini, ambako mumewe Ngatia analima kahawa na kufuga ng'ombe wa maziwa. Aliolewa mara tu baada ya kidato cha nne, akazaa, akalea, akauza mitumba siku za soko, akawa katibu wa kila kikundi kilichohitaji katibu. Kisha asubuhi moja, akiwa anachuja maziwa, alimwambia Ngatia kwamba anataka kwenda kusomea ustawi wa jamii.

"Jamii gani?" Ngatia akauliza.

"Yoyote."

Ngatia akafikiri kidogo. "Sawa," akasema, akaenda kukata nyasi ya ng'ombe. Ndivyo ilivyoamuliwa.

Chuoni walimwita Mum. Walimletea vifungo vilivyong'oka na habari za wavulana waliowaacha. Kukiwa na kazi ya kikundi walimsukuma mbele aongee, kwa sababu waligundua kwamba walimu vijana hawawezi kumkatiza. Lakini wakati wa chakula cha mchana walimwachia meza nzima. Akienda kukaa penye watu, mazungumzo yaligeuka ghafla yakawa ya masomo. Kwa karibu miaka miwili alikula githeri yake, mahindi na maharagwe, akitazamana na kikopo cha chumvi.

Alipofika mwaka wa tatu, kitinda mimba wake Shiro akajiunga na chuo hicho hicho kusomea utalii. Shiro alikuwa binti yake wa pili, kwa hivyo alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Wakonyo, kama desturi yao inavyotaka, na kwa sababu hiyo Wakonyo alimwita Mami tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Nyumbani hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Chuoni, mwanamke mzima alipokuwa akisimama chini ya hosteli na kumwita msichana mdogo, "Mami, umekula?" watu walifungua madirisha.

Shiro alimpa mama yake masharti wiki ile ile. Wakikutana njiani wasalimiane kama watu wanaojuana kidogo. Asiletewe mukimo, vile viazi vya kupondwa, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Na lile jina la Mami libaki Gakindu. Wakonyo alikubali yote, na akayavunja yote kabla ya Ijumaa.

Sasa, hapo chuoni palikuwa na kikundi cha wasichana kilichoitwa Dada wa Kilele. Kilianzishwa na wasichana walioona kwenye simu jinsi wenzao wa vyuo vya Marekani wanavyoishi kidada, wakiwa na nyumba zao, nyimbo zao na viapo vyao, na majina yao huwa ya herufi za Kigiriki. Wasichana wa Nyeri nao walitaka Kigiriki. Lakini kati yao walijua Alfa na Omega pekee, na hizo zilikuwa zimeshachukuliwa na kanisa. Wakatazama dirishani, mlima ulikuwa umetoka kwenye mawingu siku hiyo, wakajiita Dada wa Kilele. Walivaa skafu za manjano, walitembelea watoto yatima, walisukana nywele Jumapili, na walicheka mpaka wapishi wa jikoni wakalalamika. Shiro aliingia humo hata kabla ya kujua maktaba iko wapi.

Mwenyekiti wao alikuwa Mercyline, msichana mrefu aliyekuwa darasa moja na Wakonyo. Alizaliwa Nyeri lakini wazazi wake walitoka Vihiga. Baba yake alikuwa askari polisi, na binti alirithi ile sauti ya kuamrisha.

Alasiri moja mvua ya mawe ilinyesha ghafla na Wakonyo akakimbilia ukumbini kujikinga. Akawakuta Dada wa Kilele wameketi sakafuni kwa duara wakishindana kula ndizi bila kutumia mikono. Walipomwona wakazificha ndizi nyuma yao. Shiro hakuwepo siku hiyo, na hiyo ilikuwa bahati yake.

"Endeleeni," Wakonyo akasema. "Mimi nangoja mvua tu."

Wakajaribu kuendelea, wakashindwa. Ni vigumu kula ndizi bila mikono huku ukitazamwa na mtu anayefanana na shangazi yako. Wakonyo akaona anawaharibia. Akavua koti, akaketi sakafuni, akaweka mikono nyuma na kuiinamia ndizi iliyokuwa karibu. Hakushinda. Alikuwa wa mwisho, na kipande kimoja kilimwingia puani. Lakini alicheka mpaka akalala chali, na alipokuwa pale chini akitazama dari alijaribu kukumbuka ni lini alicheka hivyo, asikumbuke.

Mvua ilipokatika Mercyline alimfuata nje.

"Mum, si ujiunge na sisi."

"Mimi? Si nimebakisha mihula miwili nimalize?"

"Kwani nani alisema ati ni lazima mtu aanze mwaka wa kwanza? Mimi ndio mwenyekiti, najua sheria zote. Inasema awe mwanafunzi, na awe msichana."

"Msichana," Wakonyo akarudia.

"Haijasema mpaka umri gani," Mercyline akajibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelichunguza jambo hilo kisheria.

Wakonyo alilibeba wazo hilo hadi Gakindu wikendi hiyo. Alimwambia Ngatia wakiwa zizini, yeye ameshika taa ya simu, mumewe akikamua.

"Watakufanyia nini?" Ngatia akauliza.

"Tutakuwa tunacheka pamoja."

"Kucheka nini?"

"Sijui. Vitu."

Ngatia akaendelea kukamua kwa muda. "Hao watu wa Kirere," akasema, kwa maana herufi ya l haikuwahi kukaa vizuri kinywani mwake, "ni wao watakuwa wanakuja huku, ama ni wewe utakuwa unaenda huko?"

"Mimi naenda huko."

"Basi mimi sina neno."

Phyllis alikuwa na neno. Phyllis ni jirani yao na mwenyekiti wa chama cha akina mama ambacho Wakonyo alikuwa katibu wake. Walikutana sokoni, karibu na wauza maparachichi, na Wakonyo akafanya kosa la kumweleza.

"Dada?" Phyllis akasema. "Na sisi tumekuwa nini miaka hii yote, mashemeji?"

"Si hivyo, Phyllis. Sisi tukikutana ni viti na sufuria. Ni nani amefiwa, ni nani analetewa mahari."

"Na tunacheka."

"Tulicheka lini mwisho?"

Phyllis akafikiri. "Wakati ule mchungaji alikalia keki."

"Hiyo ilikuwa kabla ya korona."

Phyllis akaufunga mwavuli wake ingawa jua lilikuwa bado linachoma, akaondoka bila kununua kitu.

Lakini ni Shiro aliyemkata miguu. Wakonyo alimwita Jumatatu nyuma ya maktaba, akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba atachanjwa.

"Hapana," Shiro akasema.

"Ni kufikiria tu nafikiria."

"Mum, usifikirie. Maktaba uko. Kantini uko. Lecha wangu wa mawasiliano ananiuliza darasani ati mama yako alisemaje juu ya hii. Hii ya Dada wa Kilele ni kitu moja tu niko nayo."

Wakonyo aliona kwamba ni kweli. Akaenda kwa Mercyline na kumwambia ahsante, lakini amekuwa mzee kwa mambo hayo. Mercyline alisikitika, na kwa kuwa hakujua kusikitika kimya, aliwatangazia dada wote kwamba Mum amekataa na haijulikani ni nani aliyemkatisha tamaa, na mtu huyo ajichunguze moyo. Kila mtu alimtazama Shiro. Shiro alistahimili hilo kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi akaja chumbani kwa mama yake kule mtaa wa Ruring'u, chumba cha kupanga chenye jiko la gesi na kitanda, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Fanya wiki moja ya vifaranga," akasema. "Wiki ya majaribio. Haifungi mtu. Ukiona haikufai unarudisha skafu."

Wakonyo alifurahi sana hata akasahau kumshuku. Kumbe Shiro alikuwa amepiga hesabu zake. Alijua vifaranga hufanyishwa nini, naye alikuwa na hakika kwamba mama yake, mzee wa kanisa kule Gakindu, hawezi kumaliza siku mbili.

Vifaranga, yaani wale wanaotaka kujiunga, walikuwa na sheria chache. Kila kifaranga huvaa skafu ya manjano kichwani. Akikutana na dada yeyote wa kikundi, popote pale, hupigapiga mikono kama mabawa na kulia kama kuku. Na kila kifaranga hupewa yai bichi lenye alama ya rangi ya kucha, alibebe wiki nzima, alale nalo, alirudishe zima siku ya kiapo. Hakuna aliyekumbuka kwa nini yai na kilele. Ilikuwa hivyo tu.

Kisha huja kura ya viatu. Dada waliokwisha kuapa huvua kila mmoja kiatu kimoja, viatu hufunikwa kwa blanketi, na kifaranga huingiza mkono bila kuangalia. Mwenye kiatu atakachokivuta ndiye atakayekuwa dada yake mkubwa, wa kumwongoza na kumpa amri.

Hapo ndipo mama na binti walipopotezana. Wakonyo hakutaka kumwaibisha Shiro, na raba nyeupe za Shiro alizijua vizuri, kwa maana ni yeye aliyezichagua kwenye bunda la mitumba na kuzishona soli. Akaazimia kukiepuka chochote kilichofanana na raba. Shiro naye, akiogopa kwamba mama yake ataitafuta raba hiyo makusudi, aliificha kitandani akaazima ndara za manyoya za msichana wa chumba cha pili. Wakonyo akapapasa chini ya blanketi. Akagusa raba, akaisukuma. Akagusa nyingine, akaisukuma. Akakutana na kitu laini chenye manyoya na masikio ya sungura, akasema moyoni, huyu si wangu, akakivuta.

"Ya nani?" Mercyline akauliza.

Wasichana wakatazamana miguu. Mwishowe Shiro akainua mguu wake usio na kiatu, polepole, kama mtu anayekiri mahakamani.

Kwa hiyo Shiro, ambaye kwa desturi alikuwa tayari mama wa mama yake, sasa akawa dada yake mkubwa pia. Wasichana walishangilia mpaka Wakonyo akadhani kuna mtu ameshinda kitu.

Siku ya kwanza ya ufaranga ilikuwa ngumu kwa kila mtu isipokuwa Wakonyo. Alikutana na Mercyline mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo, akaweka vitabu chini, akapiga mabawa, akalia kama kuku kwa sauti iliyojaa. Mkuu wa chuo alitoka nje, akamtazama, akarudi ndani. Maktabani aliona skafu ya manjano upande wa pili wa rafu, na kwa kuwa kulikuwa na kimya, akalia kwa kunong'ona. Msichana aliyelengwa alianguka kwa kicheko pamoja na kiti chake. Wale vifaranga wengine, watoto wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakijificha vyooni wasikutane na mtu, walipomwona mama mzima anafanya bila haya wakapata nguvu, na kufikia jioni chuo kilisikika kama banda la kuku.

Shiro akaona hesabu zake zinaharibika. Akatumia mamlaka yake.

"Dada mdogo," akamwambia, "amri yangu ni hii. Wiki hii yote usiniulize kama nimekula."

Wakonyo akakubali. Mchana huo kwenye kantini alipita karibu na meza ya Shiro, akajizuia, akapita, akarudi, akamwinamia msichana aliyekaa kando ya Shiro. "Huyu rafiki yako," akamwuliza kwa sauti ya chini, "amekula?"

"Mum, niko hapa," Shiro akasema.

"Sijakuuliza wewe."

Amri ya pili ilikuwa kwamba baada ya masomo, Wakonyo aende akae kwenye nyasi mbele ya ukumbi, azime simu, asifanye kitu chochote mpaka aambiwe ainuke. Shiro alidhani hiyo ndiyo itakayomshinda, kwa sababu hakuwahi kumwona mama yake amekaa bure. Hata akitazama taarifa ya habari huwa anachambua maharagwe. Wakonyo alikaa. Alitazama mikono yake. Aling'oa nyasi chache na kuzipanga. Aliliangalia yai lake, lililokuwa limefungwa kwenye skafu ya pili shingoni. Kisha akajilaza kidogo kwa ajili ya mgongo, na alipofumba macho akalala usingizi wa kukoroma. Mtunza bustani alidhani ni mwalimu amezimia, akaenda mbio kutafuta wa huduma ya kwanza, na aliporudi na watu watatu na machela, Shiro alikuwa amekaa hapo akimlinda.

"Amelala tu," akawaambia. "Ni amri."

Wakonyo alipoamka, jua lilikuwa limeinama na binti yake bado yuko.

"Mami," akasema, akakumbuka. "Dada mkubwa. Samahani."

"Sawa tu."

"Unajua nikiwa rika yako mimi nilikuwa nimebeba dada yako Wangui mgongoni na jembe mkononi. Wenzangu wote walitawanyika, mwingine Kagio, mwingine Naro Moru, mwingine hata sijui. Sikulalamika. Lakini kukaa tu na wasichana wenzangu, hakuna mtu anaoa, hakuna mtu amekufa, sijawahi. Nilipoona wale na ndizi zao nikaona kumbe iko." Akajifuta nyasi kwenye sketi. "Lakini yako ni yako. Nimekusikia."

Shiro alimtoa jani kwenye nywele, akamwambia ainuke, amri imeisha.

Ijumaa Wakonyo alienda nyumbani kama kawaida, yai likiwa zima. Mtu asiyelijua angedhani amebeba dhahabu. Usiku alilifunga vizuri kwenye skafu, akaliweka kwenye kikombe, na kikombe akakiweka katikati ya meza ya jikoni, mbali na paka. Ngatia huamka kabla ya ndege. Alikamua, akarudi ndani, akaliona yai.

Wakonyo alipoamka alisikia harufu ya kitunguu. Akaingia jikoni akamkuta mumewe anapangusa sahani kwa kipande cha mkate, na skafu ya manjano imekunjwa vizuri kando yake.

"Baba Wangui. Yai yangu iko wapi?"

Ngatia akaacha kutafuna. Alitazama sahani, akatazama skafu, na mtu angeweza kuona jambo likimfikia taratibu kutoka mbali.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kuku wa kutosha, na kwenye kabati la Wangui, binti yao mkubwa aliyeolewa, palikuwa na rangi ya kucha ya zamani. Wakonyo alifikiri hayo yote mawili, kisha akaona aibu kwamba mtu anaweza kughushi yai. Akaenda nje kwenye mtandao mzuri, akapiga simu.

"Dada mkubwa, yai imekulwa."

"Na nani?"

"Na baba yako."

Kikasikika kitu kama simu kuanguka, na Shiro akicheka kutoka mbali, akijaribu kuishika, ikimponyoka tena. Wakonyo alimsubiri amalize.

"Basi labda ndiyo ilikuwa jibu," akasema. "Kwani nafanya nini na mayai, na nimebakisha muda kidogo hivi? Jumatatu nitarudisha skafu. Wewe ubaki na wenzako."

Shiro alikuwa ameacha kucheka sasa. Sheria ilikuwa kwamba kifaranga aliyepoteza yai ametoka, isipokuwa alete shahidi wa kuwaeleza dada wote jinsi lilivyoondoka, nao waridhike. Wote wawili waliijua sheria hiyo.

"Mpe baba simu," Shiro akasema. Na Ngatia alipoishika, akasikia binti yake akimwambia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Baba, Jumatatu unakuja Nyeri. Vaa koti."

Ngatia alifika na koti lake la mazishi, kofia mkononi, viatu vimepakwa rangi mpaka juu ya soli. Ukumbi ulijaa skafu za manjano. Akasimamishwa mbele, na Mercyline, aliyeketi nyuma ya meza iliyofunikwa leso, akamhoji kama baba yake anavyohoji watu kituoni.

"Wewe ni nani kwa kifaranga?"

"Mimi ni bwana ya hiyo kifaranga."

Wasichana wakainama wote kwa pamoja. Mercyline alijikaza.

"Yai ilienda wapi?"

"Mimi ndio nirikura."

Mercyline alikunja uso. "Baba, kura ilikuwa ya viatu. Na ilikuwa ya wasichana pekee."

"Si kura ya viatu. Nirikura yai."

"Ulipigia yai kura?"

Ngatia akamtazama mkewe kuomba msaada, lakini Wakonyo alikuwa ameingiza uso wake kwenye skafu na mabega yanatikisika. Ni Shiro aliyesimama.

"Anasema aliikula," akatangaza. "Aliikaanga na kitunguu, akaikula na mkate."

"Kwa nini?" Mercyline akauliza.

Ngatia aliligeuza lile swali kwa uzito, kama alivyofanya na maswali yote. "Nimetoka kukamua," akasema. "Kurudi ndani, napata yai kwa meza, imefungwa skafu mzuri. Nikasema, Mama Wangui ameniwekea. Tangu nizariwe hakuna mtu amewahi kunifungia yai na skafu. Sikutaka kuiacha hapo, ati aone sijafurahi."

Wasichana wakatoa ile sauti ambayo watu hutoa wakimwona mtoto wa paka. Mercyline akatangaza kwamba ushahidi umepokelewa, lakini mla yai lazima alie kama jogoo ili alifidie. Ngatia akaweka kofia kwenye kiti. Akafunga kifungo cha koti, akanyoosha shingo, akawika. Hakufanya mzaha. Aliwika kama mtu aliyesikiliza majogoo maisha yake yote kwa makini, na ile sauti ikapanda na kukatika mwishoni pale pale inapostahili. Mahali fulani nje ya ua wa chuo jogoo wa watu akamjibu. Ukumbi ulichukua muda mrefu kutulia.

Kisha kifaranga akaitwa mbele kwa ajili ya kiapo, na kabla ya kiapo huwa kuna swali moja. Mercyline alilisoma taratibu. Kwa nini unataka kuwa dada wakati huu?

Wakonyo alikuwa ameandaa jibu zuri lenye maneno ya darasani, mshikamano na uwezeshaji, lakini kicheko kilikuwa kimelifuta. "Nimebakisha mihula miwili," akasema. "Watu wananiuliza itanisaidia nini. Sijui kama itanisaidia. Nikikosa nitamaliza tu, hakuna kitu itapungua. Lakini nimekula peke yangu tangu nije hapa, na sijui kama mnajua hiyo kantini ni kubwa namna gani ukiwa peke yako." Akamgeukia Shiro. "Na dada mkubwa akisema hapana, narudisha skafu sasa hivi. Hatutagombana."

Shiro alichezea ncha ya skafu yake. Kila mtu alimngoja, hata Ngatia, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nyuma kati ya vifaranga wawili.

"Jumatano ni yangu," Shiro akasema mwishowe. "Mikutano ya Jumatano wewe hukuji. Na safari moja kila muhula, hiyo pia hukuji."

"Jumatano nitakuwa nafua," Wakonyo akasema.

"Basi aape."

Akaapa, akiwa amesimama juu ya benchi huku Mercyline amelishika lisiyumbe.

Mambo hayakuwa laini moja kwa moja. Kuna siku Wakonyo alijisahau akaja Jumatano, Shiro akamwonyesha mlango kwa kidole, akarudi. Kuna siku wasichana walitaka kumsema vibaya lecha mmoja wakajizuia kwa sababu yupo, mpaka yeye mwenyewe akaanza, na alikuwa na mengi kuliko wao. Meza yake ya kantini ilijaa hata ikawa anatafuta pa kuweka kiwiko.

Kahawa ilipoiva mwishoni mwa mwaka, wale ambao hawakuwa wameenda kwao walikuja Gakindu kusaidia kuchuma. Walivaa skafu zao na mabuti ya kuazima. Mercyline alijipangia safu yake mwenyewe, akachuma kwa kasi kuliko wote, na kikapu chake kilipomwagwa kiwandani kikaonekana ni kijani kitupu, buni ambazo hazijaiva. Karani akakataa kupima. Wakaambiwa waketi kwenye gunia wachague nyekundu, moja moja. Wakaketi wote kwa duara, Wakonyo katikati yao na Shiro mkabala naye, wakaanza kuchambua huku Mercyline akieleza kwamba huko kwao Vihiga majani ya chai huchumwa yakiwa kijani na hakuna mtu hulalamika. Ngatia alisimama kidogo kando akiwatazama, kisha akaenda kuwaletea chai.